Kaniki ya Watu Wawili: Kuanza na Kamera Kubwa ya Kale Huko Nkende

Mhakiki wa ushairi wa Kiswahili hulitumia neno taswira bila ya kusita. Akisoma ubeti, huuliza ni picha gani inayojengwa katika akili ya msomaji, imejengwa kwa maneno gani, na inasimama juu ya mizani ya namna gani. Ni nadra, hata hivyo, kwa mhakiki huyo huyo kuichukua picha yenyewe, ile ya karatasi inayotundikwa ukutani sebuleni, akaiuliza maswali hayo. Picha huachiwa fundi. Husemwa kuwa imetoka au haikutoka, basi. Upungufu huo una hasara yake. Katika miaka ya karibuni imezuka tena, katika miji mingi ya dunia, hamu ya kamera kubwa za kale, zile za mbao na mvukuto, zinazotumia bapa moja la filamu kwa kila picha. Hamu hiyo imekuja na nadharia yake, na nadharia hiyo imepokelewa bila ya kuhakikiwa.

Nadharia yenyewe ni nyepesi kuieleza. Inadai kwamba kamera ya leo ni ya pupa, na pupa ni dharau. Kamera ya kale ni ya taratibu, na utaratibu ni heshima. Anayechukua dakika 20 kuitayarisha picha moja, wanasema, hawezi kumdhulumu anayempiga picha. Kwa Kiswahili hoja hiyo huegemezwa juu ya methali inayojulikana na kila mtoto, kwamba haraka haraka haina baraka. Lakini lugha hii haikuwahi kuusifu mwendo wa pole bila ya kutoa onyo. Lugha hiyo hiyo husema pia kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Pole ya mcha Mungu na pole ya mwindaji zinafanana kwa nje. Kinachozitofautisha ni yule anayenufaika na muda huo unaopita.

Swali hilo, la nani anaumiliki muda ulio mbele ya lenzi, ndilo linalofaa kuwa la kwanza kwa kila anayetaka kuanza na kamera ya namna hii. Na mahali pazuri pa kulijaribia si pwani, ambako picha za kale zimekwisha kusifiwa mno. Pazuri zaidi ni bara ya mbali, Nkende, kata iliyo kwenye mji wa Tarime mkoani Mara, karibu na mpaka wa Kenya. Hapo ni kwa Wakuria. Upande wa kusini mashariki iko Serengeti, ambayo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1951, na ambayo filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, *Serengeti darf nicht sterben* ya 1959, iliipa umaarufu wa dunia nzima na tuzo ya Oscar mwaka 1960. Tangu hapo Mara imepigwa picha mara nyingi zisizohesabika. Simba wake wana picha nzuri za sura zao, mmoja mmoja, na wengine wana majina. Watu wake, katika maktaba za picha za Ulaya, aghalabu wamebakia mifano ya kabila.

Kabla ya kufika huko, yafaa chombo chenyewe kieleweke, kwani uhakiki usioijua fani huishia kuwa mahubiri.

Kamera kubwa, ukiivua fahari yake, ni sanduku lenye pande mbili. Mbele ipo lenzi. Nyuma kipo kioo chenye ukungu. Katikati upo mvukuto, uliokunjwa mfano wa mvukuto wa kinanda, unaoziruhusu pande hizo kusogeleana na kuachana. Vipimo vya kawaida vya filamu yake ni inchi 4 kwa 5, inchi 5 kwa 7, na inchi 8 kwa 10. Waingereza wa zamani walikuwa na bamba lao zima la inchi 6½ kwa 8½, na nusu yake ya inchi 4¾ kwa 6½. Anayeanza leo hushauriwa kuchagua inchi 4 kwa 5, na ushauri huo ni wa haki: filamu ya kipimo hicho bado inatengenezwa na viwanda kadhaa, Ilford na Kodak vikiwamo, ilhali vipimo vya kale vya Kiingereza hupatikana kwa taabu.

Kamera ya kale ikinunuliwa, jambo la kwanza si kupiga picha. Huingizwa chumba cha giza, tochi ikawashwa ndani ya mvukuto, na kila kona ya kunja zake ikaangaliwa. Nukta moja ya mwanga inayopenya ni doa katika kila picha itakayofuata. Lenzi nayo huchunguzwa dhidi ya taa. Aliyeipata visiwani hana budi kutafuta kuvu, ule utando mfano wa buibui ambao unyevu wa pwani huuotesha baina ya vioo. Kisha hutazamwa kilango cha mwanga kama kinafunguka na kufunga kwa muda unaoaminika. Lenzi nyingine za kale hazina kilango kabisa. Hizo hufunguliwa kwa kuondoa kifuniko kwa mkono, na mkono huo ndio unaohesabu sekunde.

Baada ya hayo huja kasha la filamu. Kila kasha hubeba mabapa mawili, moja kila upande, na kuyapakia ni kazi ya giza totoro. Kila bapa lina vipengee vilivyokatwa ukingoni. Likishikwa wima na vipengee vikawa juu upande wa kulia, uso wenye dawa humwelekea mshikaji. Mwanafunzi hujifunza kwa bapa lililoharibika, kwanza mchana macho wazi, kisha macho yamefumbwa, mwisho gizani. Asiye na chumba cha giza husubiri usiku. Makasha matano ni picha 10, wala hapana ya kumi na moja. Kwa msomaji wa mashairi hili si geni. Mtunzi wa utenzi ana mizani 8 katika kila kipande na vipande 4 katika kila ubeti. Neno lisiloenea huachwa nje, hata likiwa tamu.

Kisha mpigapicha huingia chini ya kitambaa cheusi, na hapo huona lile linalowashangaza wote wanaoanza. Picha iliyo juu ya kioo cha ukungu imepinduka: miguu iko juu, kichwa kiko chini, na kulia kumekuwa kushoto. Watoto wa pwani wanao mchezo wa maneno unaofanana na hali hiyo, nao ni kinyume, ambapo silabi ya mwisho hutangulizwa, na picha ikawa chapi. Anayekijua kinyume hatafsiri tena. Husikia chapi akaelewa papo hapo. Ndivyo ilivyo na kioo hiki. Wiki za mwanzo mtu huinamisha kichwa ili aione dunia ikiwa wima. Baadaye huizoea, na faida yake hudhihirika: uso uliopinduliwa haumshawishi haraka mtazamaji kwa tabasamu lake, naye hulazimika kuuona kwanza kuwa ni mwanga, kivuli na umbo. Faida hiyo ndiyo pia hatari yake. Mtu aliyegeuzwa kuwa umbo ni rahisi kusahauliwa kuwa ni mtu.

Historia ya chombo hiki katika Afrika ya Mashariki inathibitisha kwamba hatari hiyo si ya kubuni. Mwaka 1860 James Augustus Grant, akijiandaa kwenda bara pamoja na John Hanning Speke, alipiga picha Unguja. Zama hizo bamba la kioo lilipakwa dawa likiwa bichi, likapigwa, likasafishwa kabla halijakauka. Ndiyo njia aliyoitangaza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Speke ameandika kwamba joto la hema dogo la kusafishia mabamba lingemuua mwenzake upesi, akamshauri aiache kamera na kuchora kwa mkono. Chombo kilichokuja kuiteka nchi kwa mwanga kilishindwa na joto la nchi hiyo. Ni baada ya bamba kavu, lililotokana na jaribio la Richard Leach Maddox mwaka 1871, ndipo picha zilipoweza kubebwa hadi bara na kurudi.

Wakati huo huo Mji Mkongwe ulipata wapigapicha wake. A. C. Gomes na ndugu Coutinho, wenye asili ya Goa, walikuwa na studio katika karne ya 19 ikielekea ukingoni. Baadaye, mwaka 1930, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo mwanawe Rohit Oza aliiendeleza. Mombasa ilimpata N. V. Parekh, na Lamu ikampata Omar Said Bakor. Desturi ya studio hizi inafahamika kwa kila familia ya pwani yenye albamu. Mtu alikwenda kwa miguu yake, siku aliyoichagua mwenyewe, akiwa amevaa alichotaka kukumbukwa nacho. Aliketi, akajitengeneza, akangoja. Muda mrefu wa kuitayarisha kamera ulikuwa mali yake, kwani ndani ya muda huo aliamua uso gani auache duniani. Kisha alilipa, na picha ikaenda nyumbani kwake.

Hapa msomaji wa visiwani anaweza kuridhika, na ndipo anapopaswa kuzuiwa asiridhike. Studio za aina hiyo hiyo ziliuza pia kadi za posta. Katika kadi hizo wapo wanawake wa pwani, wengine wakiwa wamevalishwa na kupambwa kwa macho ya mgeni apitaye bandarini, na chini yao pameandikwa aina yao, si majina yao. Lenzi ilikuwa ile ile, kiti kile kile, na pazia lile lile la nyuma. Bibi mmoja alitoka mlangoni na picha yake. Mwingine alitoka mtupu, na picha yake ikaenda Hamburg au London kwa stempu ya senti chache. Tofauti, basi, haiko baina ya pwani na bara, wala baina ya fundi mwenyeji na fundi mgeni. Iko baina ya mtu aliyekuwa mteja na mtu aliyefanywa bidhaa.

Katika nchi ya Wakuria kamera iliingia kwa njia ya upande wa pili. Mpaka baina ya eneo la Waingereza na la Wajerumani ulikuwa umekwisha kuchorwa mezani Ulaya, mstari ulionyooka kutoka ziwani kuelekea Kilimanjaro. Mwanzoni mwa karne ya 20 walitumwa wapimaji kuuweka juu ya ardhi, na mstari wao ukawagawa Wakuria pande mbili, hali iliyopo hadi leo baina ya Tanzania na Kenya. Max Weiss, ofisa wa jeshi la Wajerumani aliyefanya kazi katika upimaji huo, alichapisha Berlin mwaka 1910 kitabu kikubwa chenye picha nyingi, *Die Völkerstämme im Norden Deutsch-Ostafrikas*, kuhusu makabila ya kaskazini mwa koloni. Wakuria wamo humo. Mkono uliopima ardhi ulikuwa karibu sana na mkono uliopiga picha, na ukaribu huo si wa bahati nasibu.

Upimaji wa watu kwa kamera ulikuwa na kanuni zake za fani, tena kali kuliko za tarbia. Mwaka 1869 Mwingereza John Lamprey alieleza namna ya kutengeneza fremu ya mbao yenye futi 7 kwa 3, ikatandikwa nyuzi za hariri zilizopishana kwa inchi 2, na mtu akasimamishwa mbele yake ili mwili wake usomwe kwa miraba. Wataalamu wa enzi hiyo waliagiza mtu apigwe mara mbili, kwa mbele na kwa upande, katika masafa yale yale. Hii nayo ni mizani. Lakini mizani ya ushairi humfunga mtunzi mwenyewe ili msikilizaji anufaike. Ile ya nyuzi za hariri humfunga anayetazamwa ili mtazamaji anufaike. Na yote ilifanywa taratibu, kwa subira kubwa. Hapakuwa na haraka hata chembe.

Lipo jingine linalohusu dawa yenyewe, ambalo mhakiki wa picha za kale hana budi kulijua kabla ya kusema lolote kuhusu sura. Mabamba ya karne ya 19 yaliona rangi ya samawati tu na zile zinazokaribiana nayo. Yaliyofuata yaliongezewa kijani. Nyekundu hayakuiona. Mabamba yanayoona rangi zote yalianza kuuzwa mwaka 1906, na yalichukua miaka mingi kuenea. Matokeo yake ni kwamba mbingu ya samawati ilitoka nyeupe tupu, na kila chenye wekundu ndani yake, udongo, shaba, midomo, ngozi ya kahawia, kilitoka cheusi kuliko kilivyo. Uso wa Mkuria uliong'ara jua la asubuhi ulifika Ulaya ukiwa umezimwa. Waliouona huko waliuita ushahidi. Sehemu ya weusi ule ulikuwa wa bamba, si wa mtu.

Jambo hili si la makumbusho pekee. Wanaoanza leo, kwa kukwepa gharama ya filamu, hununua filamu ya eksirei ya hospitali, ambayo ni rahisi na inaweza kushughulikiwa chini ya taa nyekundu kwa sababu ile ile, kwamba haioni wekundu. Ni filamu nzuri kwa kujifunzia, na kwa majabali, majengo na miti haina ubaya. Lakini anayekwenda nayo Nkende kupiga nyuso za watu awe anajua anarudia kosa la bamba la kale, na asije akaliita kosa hilo mtindo. Filamu ya kawaida inayoona rangi zote hugharimu zaidi na hudai giza kamili. Gharama hiyo ni sehemu ya heshima ambayo nadharia ya pole inaidai bila ya kuilipia.

Sasa yafaa kazi yenyewe ifikiriwe ilivyo mahali pale. Nkende iko katika nyanda za juu, digrii moja na kitu kusini ya ikweta. Saa sita mchana jua husimama karibu na utosi, na macho ya mtu hugeuka mashimo mawili ya kivuli. Mwanga wa picha haupo uwanjani bali chini ya upenu wa nyumba, mtu akielekea mbingu iliyo wazi. Kwa filamu ya kasi ya ISO 100, jua kali huhitaji tundu la f/16 na sehemu ya mia ya sekunde. Chini ya upenu mwanga hupungua kiasi cha mara nane, na tundu likibanwa hadi f/22, muda hufika karibu na sehemu ya sita ya sekunde. Mvukuto ukirefushwa ili kuukaribia uso, mwanga hupungua tena: lenzi ya milimita 150 ikisogezwa hadi milimita 212 kutoka kwenye filamu, muda sharti uongezwe mara mbili. Hapo ni theluthi ya sekunde, muda ambao mtu hawezi kuibiwa. Asipotaka kutulia, picha haipo.

Mfano uwe mzee mpiga litungu, ile ala ya Wakuria yenye nyuzi nane. Mpigapicha wa kadi ya posta angemtaka aishike ala kana kwamba anaipiga, vidole vikiwa vimegandishwa juu ya nyuzi zisizolia. Theluthi ya sekunde haiwezi kuushika mpigo wa kweli, hivyo uongo huo unaalikwa na chombo chenyewe. Anayejua kuuliza angemwuliza mzee anataka kuonekanaje. Huenda angetaka ala iwe pembeni, na yeye aketi kama baba wa nyumba. Huenda angetaka koti. Huenda angekataa kabisa, na kukataa huko kungekuwa kumetokea kabla ya bapa kufunguliwa, si baada ya picha kuzagaa. Dakika 20 za kutayarisha kamera zina thamani ikiwa tu ndani yake maswali ya namna hiyo yanaweza kuulizwa na kujibiwa, kwa lugha ambayo mzee anaimiliki.

Na kipo kitambaa cheusi. Vitabu vya mafunzo hukieleza kama kifaa cha kuzuia mwanga. Kaniki mbili zilizoshonwa pamoja hufanya kazi hiyo vizuri, na kaniki ni nguo pana. Chini yake wanaweza kuingia watu wawili. Anayepigwa picha anaweza kualikwa kukitazama kioo, mwanawe au jirani akiwa ameketi mahali pake, akaona jinsi atakavyoonekana, miguu juu na kichwa chini, akacheka, akasema kiti kisogezwe au mlango ule wa nyuma ufungwe. Kamera ndogo ya zamani haikuweza kumpa nafasi hiyo bila ya taabu. Wapimaji wa mwaka 1905 walikuwa nayo nafasi hiyo na hawakuihitaji, maana mtu anayepimwa haulizwi maoni juu ya rula.

Pingamizi moja ni kubwa na halifai kupuuzwa. Kijana wa Nkende ana simu mkononi. Anajipiga mwenyewe, anajitazama papo hapo, anaifuta asiyoipenda, anampelekea shangazi yake aliye Mwanza au ng'ambo ya Sirari. Kwa kipimo cha nani anamiliki muda na nani anamiliki picha, simu imekwisha kushinda. Kuja na sanduku la mbao kumfundisha kijana huyo heshima ni kejeli. Pingamizi hili ni la kweli, na linaiangusha kabisa nadharia kwamba ukale ni uadilifu. Kamera kubwa haina haki ya kwenda Nkende kwa sababu ya ukale wake. Inaweza kwenda kwa sababu nyingine mbili, za kawaida zaidi. Ya kwanza ni kwamba bapa la inchi 4 kwa 5 hubeba mwanga mwingi kiasi cha kuhifadhi ufumaji wa nguo na mistari ya kiganja. Ya pili ni kwamba huacha kitu: negativu inayoshikika, isiyotegemea chaji, nywila wala kampuni ya simu, ambayo mjukuu anaweza kuinyanyua dhidi ya dirisha akamwona babu yake.

Sababu hiyo ya pili ina sharti. Picha sharti ibakie. Hapa ndipo wengi wa wanaoanza wanapoharibikiwa, kwani hujifunza kupiga na kusafisha, wakaacha kujifunza kurudisha. Usafishaji wa filamu hautishi: sinia tatu au chupa isiyopitisha mwanga, dawa ya kusafishia, dawa ya kukaza, na maji. Kiwango kinachoandikwa na viwanda ni nyuzi 20 za joto. Maji ya Unguja huwa na joto kupita hapo, na muda wa dawa hupunguzwa. Ya nyanda za juu za Tarime huwa na ubaridi zaidi, na kazi huwa rahisi. Negativu ikikauka, hapahitajiki mashine ya kukuzia wala umeme. Hulazwa juu ya karatasi iliyopakwa chumvi mbili za chuma, kwa njia ya samawati aliyoigundua John Herschel mwaka 1842, ikabanwa chini ya kioo na kuanikwa juani. Baada ya dakika chache huoshwa kwa maji matupu, na sura hujitokeza kwa rangi ya buluu. Jua lile lililokataliwa saa sita kwa kuwatia watu mashimo machoni sasa huwa mchapaji. Karatasi hiyo huachwa nyumbani kwa mwenyewe, kesho yake au keshokutwa, kwa onyo moja tu kwamba isifutwe kwa maji ya sabuni.

Kwa mtazamo huu, uhakiki wa picha za kamera kubwa, ziwe za 1905 au za wiki iliyopita, unaweza kufanywa kwa maswali ambayo mpenzi wa ushairi ameyazoea chini ya majina mengine. Muda wa kutayarisha ulikuwa wa nani? Rangi gani ziliachwa nje na dawa, na nani alilipia upofu huo? Aliyetazamwa alipata kutazama? Nakala ya kwanza ilikwenda wapi? Picha inaweza kuwa kamilifu kwa fani, kila ukucha ukiwa umetulia, ikaanguka katika maswali yote manne. Nyingine inaweza kuwa na doa la mvukuto uliotoboka, ikasimama.

Limebaki la jina. Ukingo wa bapa la filamu, mahali liliposhikwa na kasha, hubakia mweupe na mwangavu baada ya kusafishwa. Mafundi wa zamani waliutumia kuandikia namba za maduka yao. Kalamu nyembamba na wino mweusi usiopitisha mwanga vyatosha kuandika hapo jina la mtu kamili, la ukoo wake, mahali na mwaka, na maandishi hayo yatatoka meupe chini ya kila nakala itakayochapwa, leo na baada ya miaka 100, hata negativu ikipotea njia ikafika kabati la makumbusho ya mbali. Ugumu wake ni mmoja. Ukiandika upande wenye dawa, ule unaolala juu ya karatasi, herufi sharti ziandikwe kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, ili zisomeke sawa. Anayeanza ajizoeze kwanza kwenye kioo cha dirisha, na ni bora zaidi akimwomba mwenye jina amtajie herufi moja moja.